Upepo Uliokataa Kutoka

Hammou alilegeza nati ya gurudumu la nyuma kwa mara nyingine, na mpira mwembamba aliouchomeka pale ukatema mapovu yale yale. Yalikuwa mapovu mazito, yakipanda polepole ndani ya chupa iliyopokea mafuta na kupasuka juu kwa sauti ya mtu aliyeshiba anayebeua. Tangu asubuhi alikuwa uani kwake akitoa upepo kwenye breki, na upepo haukuisha.

"Kanyaga!" alipiga kelele kutoka chini ya gari.

"Nimekanyaga," akajibu mkewe, Itto, aliyekaa kwenye kiti cha dereva, tumbo lake la miezi tisa limegusa usukani.

"Shikilia."

"Nashikilia, bwana. Au wataka nijifungulie humu humu?"

Hammou hakucheka. Nesi alikuwa amewaambia wazi kwamba mtoto amelala mkingamo, hatoki bila kupasuliwa, na hospitali iko chini kabisa, mjini Demnate. Barabara ya kutoka kwao mlimani huteremka kona kwa kona, bonde upande mmoja na jabali upande wa pili. Gari jingine kijijini hakuna. Uchungu ukimshika Itto kabla breki hazijashika, basi ni kumzika yeye na mwanawe.

Kazi yenyewe Hammou aliijua. Alianza na gurudumu lililo mbali zaidi na dereva, akahakikisha kopo la mafuta ya breki halikauki, na kila Itto alipokanyaga, yeye alilegeza nati, akaacha mafuta yatoke, akaikaza kabla mguu haujainuka. Jana alibadilisha bomba lililotoboka, kwa hiyo upepo kidogo ulitarajiwa. Huu ulikuwa wa kujaza mapafu.

"Hammou," Itto aliita, na sasa sauti ilikuwa chini. "Hii pedali inanisukuma."

"Pedali hurudi yenyewe, mke wangu. Ndiyo kazi yake."

"Hairudi. Inanisukuma. Ina vidole."

Alitaka kumjibu ovyo, kama kawaida yake, lakini harufu ikamfika kwanza. Mafuta ya breki yananuka, kila dereva anajua, ila hii ilikuwa harufu ya matumbo ya kondoo wa Idi yaliyosahauliwa juani. Akatazama chupa. Ndani ya mpira kulikuwa kunapita unywele mmoja mrefu, mweusi, ukifuatwa na mwingine, halafu fungu zima lililolowa ute wa kijivu, likajikunja ndani ya chupa na kuanza kujizungusha taratibu bila kuguswa na mtu. Hammou akageuza uso na kutapika chai yake yote.

"Mtoto hachezi," Itto alisema. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Kila nikikanyaga, anatulia. Sasa ametulia kabisa. Hammou, yale mafuta machafu ya jana uliyamwaga wapi?"

"Kwenye karo la maji machafu."

"Karo lipi? Hili la hapa uani?"

"Kuna jingine?"

"Na ukasema bismillahi? Uliwaambia wapishe?"

Hammou akatambaa kutoka chini ya gari. Pale kwao hata mtoto anayejifunza kuongea hamwagi maji ya moto karoni bila kutaja jina la Mungu na kuwaomba wenyewe wa chini, yaani majini, wapishe. Yeye jana alimwaga mafuta yale makali, akafuatisha birika zima la maji yanayotokota ili kusafisha, na maneno pekee yaliyomtoka yalikuwa ya kulitukana bomba. Mimi namhurumia mkewe. Yeye simhurumii.

Walimwita Lalla Tuda, bibi wa jirani anayetibu watu walioguswa. Alikuja na mfuko wa chumvi na kichupa cha lami ya mierezi, akanusa hewa ya uani mara moja tu, akaziba pua kwa ushungi.

"Fundi mkubwa wewe," alimwambia Hammou. "Umemwagia mtoto wa watu moto kichwani. Mama yake ameingia kwenye mabomba ya gari lako, na kila mkeo akikanyaga, anapanda kumfuata mtoto wa tumboni. Wake umemnyima, anataka wenu."

"Nifanye nini, Lalla?" Hammou alinong'ona.

"Mrudishie mwanawe. Amenasa chini karoni, mkono haufiki. Chukua mpira wako, uvute kwa mdomo."

"Kwa mdomo wangu?"

"Kwa mdomo ule ule ulioshindwa kusema bismillahi."

Akapiga magoti. Akautumbukiza mpira karoni mpaka ukagota, akafumba macho na kuvuta, na kilichomjia kwanza kilikuwa maji ya sabuni yaliyooza, akatema. Kisha ukaja ute ule mnene, vuguvugu, wenye vipande laini vilivyokatika kwenye meno yake kama mafuta ya nyama baridi, na nywele zilizomng'ang'ania kooni akawa anazitoa kwa vidole huku Tuda akimfokea asiache kuvuta, na nyuma yao gari lilianza kuhema, kweli kuhema, pedali ikipanda na kushuka hali hakuna mguu juu yake, mpaka mpira ukaziba ghafla na kitu kikang'ang'ania ncha yake huko chini, kizito, na Hammou akauinua pole pole, mashavu yamebonyea kwa kunyonya, kwa maana angepumua tu kingeanguka.

Kilitoka. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja, ngozi yake imechemka na kuvimba kama utumbo uliokosa kukwanguliwa, na mahali pa uso palikuwa na mdomo tu. Mdomo ndio ulioshika mpira.

"Wewe mjamzito, geuka! Usitazame!" Tuda alimwambia Itto.

Itto alikuwa ameshatazama. "Masikini," alisema, na machozi yakamtoka. "Ana njaa."

"Nyamaza! Huyo haonewi huruma, atakufuata!" Tuda akakitupia kitambaa, akakiweka kwenye sinia aliloliandaa la maziwa na asali bila chumvi, maana majini huikimbia chumvi. Kutoka chini ya gurudumu kikatiririka kimiminika cheusi, kikaupanda mteremko wa ua kwenda juu, kikaingia chini ya kitambaa. Kitambaa kikalala bapa. Tuda akamwaga chumvi karoni na kuipaka lami milango yote.

"Ameondoka," alisema, akihema.

Hammou alirudi kwenye nati. Mafuta yalitoka safi, hakuna povu hata moja. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Jioni hiyo hiyo uchungu ukaanza, na breki zikashika kila kona mpaka kwenye geti la hospitali. Binti alitolewa kwa kupasuliwa, mzima, analia kwa hasira, na Hammou akalia naye.

Waliporudi nyumbani watu walikuja kupongeza, wakala, wakaondoka. Adhuhuri moja Hammou aliingia chumbani na bakuli la supu. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Itto alikuwa ameegemea mto, binti amesinzia kwenye mkono wake wa kuume, mdomo wazi, ameshiba. Titi la kushoto lilikuwa wazi, na mbele yake hapakuwa na mtu. Lakini chuchu ilikuwa imevutwa mbele, imerefuka, inatikisika kidogo kidogo, na maziwa hayakudondoka popote. Sauti ya kunyonya ilikuwa ya majimaji, ya pupa, na Hammou akahisi ladha ya karo ikimpanda tena kooni.

Itto aliweka kidole kwenye midomo yake.

"Funga mlango taratibu," alimnong'oneza. "Huyu amelala, lakini kaka yake bado hajashiba."