Mstari Juu ya Jina la Shefu

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mstari mtupu ulionekana juu ya jina la Shefu Léopold, na hakuna aliyeogopa. Watu waliudhika tu.

Ulikuwa kwenye menyu ya tovuti ya Huduma ya Viwanja vya Ufukoni, pale Uvira, ofisi iliyoandikisha viwanja ambavyo nusu yavyo ilishamezwa na ziwa. Lakini ziwa halikuleta barua, kwa hiyo viwanja viliendelea kuandikishwa. Blandine ndiye aliyeitunza tovuti hiyo. Kwa miaka miwili kazi yake kubwa ilikuwa kupanga upya menyu: leo mkuu wa upimaji awe wa pili, kesho mkuu wa malalamiko akatae kuonekana chini yake, keshokutwa wote wawili wapande. Akachoka. Akaiwekea tovuti plagini, kiprogramu kidogo kinachojipachika na kufanya kazi hiyo peke yake. Kila mtumishi akapewa namba ya cheo, menyu ikajipanga: mkubwa juu, mdogo chini, na jina la mdogo likasogezwa ndani kidogo, chini ya jina la bosi wake. Shefu Léopold alikuwa namba moja.

Sasa juu yake palikuwa na mstari usio na neno. Ukipitisha kishale juu yake ulibadilika rangi polepole, kama kitu kinachogeuka usingizini. Blandine alichungulia ndani ya plagini akaikuta namba yake: sifuri.

"Ni nani huyu iko juu yangu?" Shefu aliuliza.

"Haiko muntu, Patro," Blandine akamjibu bosi wake. "Ni kosa ya mashine. Naifuta sasa hivi."

"Usiguse!" Akafunga mlango, sauti ikashuka. "Weye unajua namna inchi yetu inafanya? Wananitumia mukubwa toka Kinshasa, jina yake bado haijatoka mu karatasi. Kiti tayari wamemuwekea. Ukimufuta, nani atafutwa? Minye mwenyewe."

Jini lolote lingehangaika miaka kutafuta mlango kama huo. Shefu aliandika barua ya kumkaribisha Mheshimiwa Ambaye Jina Lake Litajulishwa Baadaye, akaigonga mhuri mara tatu, kisha akaamuru chumba cha nyuma kifunguliwe. Kilikuwa kimefungwa tangu ziwa lilipopanda. Ukuta wake wa nyuma ulisimama majini. Wakaweka meza, kiti cha ngozi, bendera ndogo, na chupa ya maji na glasi, kana kwamba kilichopungua mle ni maji. Barua ikabandikwa mlangoni.

Alhamisi, saa tano mchana, kiti kilisikika kikivutwa.

Ikaja harufu, kwanza ya tope, halafu ya ndagala, dagaa wa ziwa lile, waliosahaulika kwenye gunia. Ijumaa Blandine aliona jina la Marie-Jeanne wa masijala likiteleza juu ya skrini, likapita la mkuu wake, likapita la Shefu, likakaa ndani kidogo chini ya mstari mtupu. Dakika hiyohiyo Marie-Jeanne aliinuka mezani, akachukua daftari na kalamu. "Naitwa," akasema. Akaingia chumba cha nyuma. Jioni walikuta viatu vyake chini ya meza ya Mheshimiwa, vimejaa maji, na ndani ya kimoja ndagala mmoja mzima akizunguka.

Shefu akaandika kwamba Marie-Jeanne amehamishwa kwa Mheshimiwa. Jumamosi akahamishwa Rémy, mpima viwanja. Nakala zikaenda faili.

Jumatatu likateleza jina la Firmin.

Firmin alitunza nyaraka, na alikuwa mdogo wake Blandine. Usiku wa mafuriko nyumba ya mama yao iliondoka na mama ndani. Wakabaki wawili, na Blandine aliapa maji hayatampata huyu. Aliifuta plagini yote. Menyu ikaendelea kujipanga. Alilirudisha jina la Firmin mkiani. Likapanda tena, taratibu, kama mtu mwenye miadi. Firmin alikuwa tayari mlangoni pa chumba cha nyuma, mikono ya shati ikichuruzika maji.

"Usiende," Blandine alinong'ona, akamshika ukosi.

"Yaya, dada yangu, jina yangu iko kwake. Nitakataa kwa cheo gani?"

Akamfungia chooni, akaweka kabati mlangoni, akaenda mbio kwa Mwalimu Asani, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara wa tangu zamani, aliyesomesha Kurani nyuma ya duka lake la vitenge. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Alipewa barua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na muhuri?"

"Tatu."

Mzee akakifunga kitabu chake. "Kisomo kinamutoa ule aliyeingia kwa kuiba, binti yangu. Huyu mulimukaribisha. Muntu aliyemuandikia aingie, njo yeye amuandikie atoke."

"Nilishamuomba Shefu, akakataa. Anasema mudogo hawezi fukuza mukubwa."

"Basi kwenu mu biro, mukubwa anatokaka namna gani mu kiti?"

"Kwa remise-reprise. Anayetoka na anayeingia wanakaa uso kwa uso, wanatia sahihi. Mumoja anasimama, mwengine anakaa."

"Na kiti kibaki wazi?"

"Haijafanyikaka."

"Basi nenda. Na usiniambie nani atakaa."

Aliirudisha plagini, akafuta namba moja ya Léopold, akaandika sifuri. Jina la Shefu likapanda, likaujaza ule mstari mtupu. Alipomwonyesha, Shefu alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Mheshimiwa anatoka?"

"Anakuachia kiti, Patro. Ni sahihi tu imebaki."

Akaagiza koti lake jeusi, akauliza kama picha itatoka kwenye tovuti. Blandine alichapa nakala mbili: *Anayetoka anakabidhi chumba, kiti na mahali pake. Anayeingia anapokea, na anakabidhi vyake.* Shefu hakusoma. Mtu anayepandishwa cheo hasomi. Aliingia akitanguliza mkono wa kusalimia, mlango ukajifunga nyuma yake, na Blandine, aliyesimama nje sikio likiwa mbaoni, akasikia kalamu ikikwaruza, halafu kalamu ya pili, polepole zaidi, halafu kiti kikivutwa, na kicheko cha Shefu cha siku za sherehe, kikaendelea, kikaendelea hadi kikawa kitu kingine, kitu cha kinywa kilichojaa, huku maji yakitoka chini ya mlango na kumfunika vidole, na naye hakusogea, kwa sababu nyuma ya kabati, kule chooni, Firmin alikuwa ameacha kugonga.

Mlango ukafunguka. Shefu Léopold alitoka akitabasamu, koti kavu, visigino vikiacha alama za maji. "Remise imeisha," akasema. Kwenye skrini jina la Shefu likajiandika mara ya pili, pale namba moja.

Kutoka ukuta wa ziwani sauti ya Shefu Léopold ikaita: "Mama Blandine! Fungua! Minye iko huku!"

Firmin alitoka chooni na shati kavu, hakumbuki kitu, na jina lake lilikuwa limerudi mahali pake. Ofisi nzima ikamsifu Shefu mpya: anawahi, anasalimia wafagiaji, hana neno na menyu. Cheo kimemnyoosha, walisema. Blandine peke yake ndiye aliyesikia ukuta. Siku ya kwanza uliamuru. Siku ya pili uliahidi kumpandisha. Siku ya tatu ulisema maji yamefika kifuani, na ukaita "Mama Blandine" bila kutaja cheo cha mtu yeyote.

Siku ya nne Shefu aliinama juu ya meza yake, akinuka tope.

"Jina yangu iko mara mbili, sifuri na moja. Batu watachanganyikiwa. Futa ile ya juu."

Ukuta ulikuwa ukilia.

"Patro..."

"Ao tumuongezee muntu wa kumusindikiza, asikae peke yake?" Akamtazama Firmin, aliyekuwa akifunga faili kwa kamba huku akipiga mluzi.

Blandine akabofya. Plagini ikauliza kama ana uhakika. Akabofya tena.

Ukuta ukanyamaza katikati ya neno.

"Umefanya vizuri." Mkono wa Shefu ukamgusa bega, unyevu ukapenya kitenge hadi kwenye ngozi. "Kazi kama hii haisahauliki."

Alipoondoka, menyu ilijipanga upya mbele ya macho yake. Jina moja lilitoka mkiani, likapita wapimaji, likapita wakuu wote, likakaa ndani kidogo, chini ya jina la Shefu.

Firmin alichungulia skrini juu ya bega lake, akapiga makofi.

"Eh! Yaya! Wamekupandisha!"