Pishi ya Nini?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Swaumu alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufagia uwanja, na kumpimia mama yake mchele wa siku kwa kopo la kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja. Hilo alilijua hata kabla hajajua kusoma. Kwao kulikuwa karibu na mto Ruvu, na baba yake, Mzee Mfaume, alilima mpunga bondeni. Ilikuwa mwaka 1950, na Swaumu alikuwa akimaliza darasa la nne.

Baba alikwishakata shauri. "Msichana akijua kusoma barua, yatosha," alisema. "Darasa la tano la nini?"

Swaumu alilia hadi macho yakavimba. Mwalimu Hemedi alipopata habari hakubishana na mzee. Alimwalika tu siku ya wazazi, aje amwone mwanawe.

Siku hizo mwalimu alikuwa akiwafundisha habari za Mayahudi wa kale, ambao walipima vitu kwa mawe. Jiwe dogo liliitwa shekeli, na shekeli elfu tatu zilifanya talanta moja.

"Wataalamu wameyapima mawe yaliyofukuliwa," alisema. "Shekeli ilikuwa kama gramu kumi na moja na nukta nne. Swaumu, siku ya wazazi utatuonyesha talanta moja, tuione kwa macho."

Swaumu aliikalia hesabu ile jioni nzima. Shekeli elfu tatu ni gramu thelathini na nne elfu na mia mbili. Gramu elfu moja ni kilo, basi ni kilo thelathini na nne na nukta mbili. Kilo ni ratili mbili na nukta mbili, basi ni kama ratili sabini na tano. Na pishi, kama kila mtu kijijini alivyojua, ni ratili sita. Pishi kumi na mbili na nusu! Alirudia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Lakini kutwanga mchele wa kujaza pishi zote hizo kungemchukua siku mbili. Akamwuliza baba kama mpunga ungefaa.

"Pishi ni pishi," alijibu baba bila kuinua macho.

Swaumu akashukuru kuepukana na mchi, akajaza mpunga kwenye gunia.

Siku ya wazazi uwanja wa shule ulifurika. Swaumu aliandika hesabu yake ubaoni bila kutetereka, watu wakapiga makofi. Mzee Mfaume, aliyekuwa pagazi wakati wa vita vya Mjerumani, akainuka na kulitupia gunia begani kama mto wa sufi.

"Kumbe hao Mayahudi walikuwa na mabega laini!" alisema. "Sisi tulibeba ratili sitini, na zilitukata shingo kuliko hili!"

Watu walicheka mpaka machozi, wakidhani mzee anajisifu. Swaumu peke yake hakucheka. Sitini ziwe nzito kuliko sabini na tano? Alitazama bega la baba, akaona punje mbili za mpunga zimenasa kwenye kanzu, na maganda yake. Ratili sita ni za pishi ya mchele!

Hakuna mwingine aliyegundua. Baba alikuwa akimtazama kwa tabasamu ambalo Swaumu hakuwahi kuliona. Akinyamaza, huenda darasa la tano likapatikana. Akisema, ataambiwa kwamba hata hicho kidogo alichosoma amekikosea.

"Baba, nimekosea," alisema kwa sauti. "Hiyo si talanta."

"Umekosea nini? Pishi ni pishi!"

"Pishi ya mchele na pishi ya mpunga hujaa sawa, baba, lakini uzito si mmoja. Niliona uvivu kutwanga, na sikupima."

Maneno, mwanafunzi mwenzake aliyependa ubishi, alitoka mbio kwenda kuazima mizani ya dukani. Wakaweka kibaba cha mchele upande mmoja na kibaba cha mpunga upande wa pili. Upande wa mchele ukashuka mara moja, kina mama wakaguna. Kisha likapimwa gunia kwa mawe ya mizani: ratili hamsini na tatu tu! Mama yake Swaumu akaleta mpunga zaidi kutoka nyumbani. Wakaongeza pishi tano na kibaba, na mizani ikasimama kwenye sabini na tano.

Mzee Mfaume akajaribu tena. Safari hii goti lilimkunjika, akaguna, akalitua gunia chini.

"Hii sasa ndiyo talanta!" alisema huku akihema, na vigelegele vikalipuka uwanja mzima.

Mwalimu Hemedi akasimama. "Wazazi, kosa halikuwa ubaoni, lilikuwa ndani ya gunia, na angeweza kulificha. Wanafunzi, msifanye kazi kwa uvivu. Lakini mkikosea, semeni kama Swaumu alivyosema. Mtu anayekiri kosa lake mbele ya watu ndiye anayefaa kufundishwa zaidi."

"Miaka arobaini nimepima kwa pishi," alisema Mzee Mfaume, "leo nimefundishwa na mwanangu. Mwalimu, liandike jina lake darasa la tano."

Swaumu alimkumbatia baba yake mbele ya watu wote, bila haya.

Tangu siku hiyo, mtu yeyote pale Ruvu akisema pishi ni pishi, Mzee Mfaume humgeukia kwa majivuno na kumwuliza, "Pishi ya nini? Mwulize binti yangu!"