Betri ya Mvunguni

Mvungu ulikuwa mtupu.

Inspekta alipiga magoti, akainama mpaka shavu likakaribia sakafu, akamulika tochi chini ya kitanda cha watoto. Pale ilipokaa betri ya sola palibaki mraba wa vigae safi, umezungukwa na vumbi pande zote. Nyaya mbili nene, moja nyekundu na moja nyeusi, zilitoka ukutani na kuishia hewani.

"Umeona, afande?" alisema mwenye nyumba, mikono kiunoni. "Betri ya nyumba nzima! Friji kimya, feni kimya. Jua linawaka juu ya bati langu na sina pa kulihifadhi!"

Alikuwa mjane wa makamo, muuza vitambaa sokoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Redio, kwa kuwa habari ikishaingia sikioni mwake hailali humo. Alirudi adhuhuri kuchukua mtandio aliousahau, akakuta mvungu mtupu, akapiga yowe lililoitoa mitaa miwili nje.

"Mama, betri inawekwaje chini ya kitanda cha watoto?"

"Kwa sababu ya wezi! Fundi aliifunga barazani kule nyuma, kwenye kizimba cha wavu. Nikasema huko ni kuwatandikia wezi mkeka. Nikaita kibarua, akavuta nyaya hadi humu. Nani atathubutu kuingia wanapolala wajukuu zangu?"

"Amethubutu."

"Mwizi wa ndani, afande. Kikulacho ki nguoni mwako." Akaelekeza kidole sebuleni.

Sebuleni, kando ya cherehani, alikaa mkwe wake, mwanamume mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni. Koplo alikuwa amekwisha kumfunga pingu. Mkewe, muuguzi, bado na sare ya kazini, alisimama mlangoni akilia bila sauti.

"Alitishia mbele ya watu," Mama Redio aliendelea. "Tuko mezani, akasema: 'Mama, hiki kidude nitakitoa humu, siku moja utakuta hakipo.' Haya! Hakipo!"

"Ulisema hivyo?" Inspekta alimuuliza mkwe.

"Nilisema."

Koplo alitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi kabla ya chai. "Kesho asubuhi tunampandisha kizimbani, afande."

Inspekta alizima tochi. Kituoni walimwita Mama Taratibu. Hakuwa mvivu, ila hakupenda kuchuma embe kabla hajalibonyeza.

Kituoni, aliamuru mtuhumiwa afunguliwe pingu na apewe maji. Kisha akavuta kiti.

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nashona sare za shule."

"Nani mwingine alikuwepo?"

Mkwe alikunywa funda la maji.

"Mlango haukuvunjwa. Dirisha la watoto liko wazi, lakini vumbi la pale chini halijaguswa. Limefunguliwa kutoka ndani. Ni wewe?"

"Labda."

"Umeiba betri?"

"Mimi si mwizi, afande."

"Umeichukua?"

Aliangalia vidole vyake, vilivyojaa alama ndogo za sindano. "Hilo sitasema."

"Kesho ni mahakamani. Hakimu hatakushona, atakukata. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Una watoto wawili."

"Ndiyo maana," alisema mkwe, akageuzia uso ukutani.

Maneno hayo mawili yalimkaa Inspekta kooni kama mwiba wa samaki. Akachukua kofia yake, akarudi eneo la tukio.

"Afande, kesi hii imeiva," Koplo alilalamika garini. "Alitishia, alikuwepo, hasemi. Tunatafuta nini tena?"

"Adabu ya mwizi."

"Mwizi ana adabu?"

"Huyu anayo. Angalia utakapofika."

Ndani ya chumba, Inspekta alizishika zile nyaya mbili. Kila ncha ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, mizunguko imekaa sawasawa.

"Mwizi gani anafunga ncha za nyaya ili mtoto wa watu asipigwe shoti? Kisha tazama ukutani. Amezima swichi ya paneli, akazima na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri. Na inveta yenyewe, nyepesi, ya bei, inayoingia kwenye mfuko, ameiacha inaning'inia."

Koplo alikuna kisogo.

"Betri ile ni mzigo wa watu wawili," Inspekta aliendelea. "Mtu mmoja angeiburuta. Vigae havina hata mchubuko."

Mtaalamu wa alama za vidole, waliyekuja naye, alikata vipande vya utepe, akavitia kwenye mifuko ya ushahidi. Wakati huo mjukuu mkubwa alikuwa amerudi kutoka shuleni. Aliitwa Kibogoyo, kwa mapengo mawili ya mbele. Alipanda kitandani, akabonyeza godoro kwa goti.

"Nundu imeondoka!" alisema.

"Nundu gani, mwanangu?" Inspekta aliuliza.

"Ya kitanda. Ilikuwa inanichoma hapa." Akagusa mbavu. "Na ina joto. Nilimwambia bibi, akasema nilale. Nikamwambia baba."

"Visingizio hivyo," Mama Redio alidakia. "Siku hizi kulala kwao ni ugomvi. Leo nundu, kesho joto!"

"Ulimwambia baba lini?"

"Leo. Nikivaa viatu vya shule."

Inspekta aliliinua godoro. Kitanda kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu. Chaga ya katikati ilikuwa imepinda kwenda juu, imepata ufa, na upande wa chini rangi ilikuwa imekwanguka. Akasogeza pua. Harufu tamu na kali, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ilikuwa bado kwenye mbao.

Alilishusha godoro taratibu sana.

"Koplo, watoto leo wasilale chumba hiki. Na madirisha yabaki wazi." Kisha akageuka. "Mama, nani aliwafungia sola?"

"Kijana mmoja mpole, pale njia panda. Kafungua duka juzijuzi. Kwani?"

"Nataka kumwona tu."

"Mwambie aniletee betri nyingine, maana hii yule wa cherehani kaila!"

Duka la fundi lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Mshona viatu wa jirani alisema kijana aliondoka mbio tangu asubuhi kwenda kwa msambazaji, nje ya mji, hata chai hakunywa. Inspekta alikaa kwenye kibao cha mshona viatu, akangoja. Koplo alikwenda, akarudi, akakaa, akasimama. Saa kumi ikapita. Ndipo gari dogo la mizigo likasimama mbele ya duka, kijana aliyeloa jasho akashuka, na nyuma yake kulikuwa na boksi jipya lililofungwa kamba.

Aliwaona askari, uso ukamshuka.

"Shikamoo, afande. Gari limesimama vibaya?"

"Marahaba. Gari limesimama vizuri. Betri ya Mama Redio iko wapi?"

Kijana hakubisha. Aliwaongoza nyuma ya duka, kwenye uwanja mtupu mbali na ukuta wowote. Mapipa mawili ya chuma yalisimama pale, yamejaa mchanga. Alifukua la kwanza kwa koleo, polepole, mpaka sanduku likaonekana. Lilikuwa limefura upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu. Mgongoni lilikuwa na mkwaruzo mrefu wa rangi ya bluu.

"Usiliguse, Koplo," Inspekta alisema. "Haya, kijana. Sema."

"Mkwe wake alinipigia simu asubuhi. Alisema mtoto analalamika, amechungulia, ameona betri imetuna. Nilikwenda nakimbia. Nilipoiona, afande, nilikimbilia swichi kwanza. Imebanwa na chaga, mablanketi yamening'inia mpaka sakafuni, hakuna hewa hata ya kuku. Na juu yake wanalala watoto."

"Kosa la nani?"

"Betri ina kasoro, sikatai. Nami niliyeiuza ni mimi. Lakini barazani ingefura peke yake. Kule mvunguni ingewaka na watu."

"Mkaitoa wawili."

"Tulikisogeza kitanda kwanza kwa kukiinua, kisha yeye upande huu, mimi upande huu, kama tumebeba mayai. Tukafungua dirisha harufu itoke."

"Mbona hamkusema?"

Kijana alifuta uso kwa kiganja. "Unamjua yule mama, afande. Ningesema betri yangu imefura, kabla ya adhuhuri mji mzima ungejua. Duka lenyewe halijatimiza hata mwaka. Nikamwomba anisitiri mpaka jioni tu, nilete nyingine, niifunge barazani, halafu nimweleze mama kwa upole. Akaniapia."

"Yuko mahabusu tangu mchana."

"Nani?"

"Aliyekusitiri. Kesho anapelekwa mahakamani kwa wizi."

Koleo lilimponyoka. "Simu yangu imezimika tangu njiani! Wallahi sikujua! Nipeleke mimi, afande, mtoe yeye!"

"Kwanza nijibu. Betri kama hii umeuza ngapi?"

"Mbili tu. Ya pili niliitoa kwa mteja leo, kabla ya kuondoka. Iko pipa lile." Akafukua, ikaonekana.

Inspekta alivuta pumzi ndefu, akaiachia yote. Tangu alipolishusha lile godoro alikuwa hajapumua sawasawa.

Kituoni, wote walikusanyika mbele ya kaunta. Fundi alirudia maelezo yake. Muuguzi alishika mdomo kwa mikono miwili. Mama Redio alisikiliza huku kidevu kikishuka kidogo kidogo. Mkwe alitolewa mahabusu, hana mkanda, suruali ameishikilia kwa mkono.

"Kiapo chako kilikuwa mpaka jioni," Inspekta alimwambia. "Jioni ndiyo hii. Kwa nini hukujitetea?"

Mkwe alimtazama mama mkwe wake, kisha akatazama chini.

"Si kwa ajili ya kiapo, afande. Ningesema betri ilikuwa mbovu, ningeulizwa ilikuwa wapi, na nani aliihamishia pale. Mama anawapenda wale watoto kuliko macho yake. Sikutaka ajue kwamba alikuwa akiwalaza juu ya jiko."

Mama Redio alifungua mdomo, akaufumba tena. Koplo alinong'ona, "Redio imekata matangazo," Inspekta akamkanyaga mguu.

Mama Redio alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Machozi yalimtoka wazi, hakuyafuta.

"Nami ningekufunga," alisema.

"Ungenifunga, mama. Lakini chakula ungeniletea."

"Ningekuletea," alikiri, na kicheko kikamtoka katikati ya kilio. Akamgeukia Inspekta. "Afande, nafuta malalamiko. Yote. Andika kwamba hakuna mwizi. Andika kwamba mwenye makosa ni mimi."

"Nitaandika hakuna mwizi. Hilo la pili halina kifungu cha sheria."

"Na wewe, kijana," Mama Redio alimwambia fundi, aliyejikunyata pembeni, "nitamwambia kila mtu."

Fundi alifumba macho.

"Nitawaambia yuko fundi ambaye kitu chake kikiharibika, anakimbia kukiondoa, hakimbii mteja. Na nitawaambia betri inakaa barazani. Mtaa huu hakuna atakayeilalia tena, mimi nikiwa hai."

"Kesho asubuhi naifunga mpya, mama. Palepale kizimbani."

"Kizimbani pa wavu," Koplo alisema. "Siyo pa mahakama."

Hapo wote walicheka, hata askari wa zamu.

Mkwe alirudishiwa mkanda, futi na kamba za viatu. Mama Redio, ambaye miaka yote alimwita "yule", alisimama akamshika mkono.

"Twende nyumbani, mwanangu. Ila taa hakuna leo."

"Tutawasha mshumaa, mama."

"Mshumaa!" Mama Redio alisimama mlangoni, akatafakari. "Tutauweka wapi?"

"Utakaposema wewe," mkwe alijibu. "Mradi siyo mvunguni."