Vichupa Sita vya Marehemu

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tisa Machi, saa mbili asubuhi. Friji la kugandishia la maabara ya damu lilifunguliwa, na vichupa sita vya damu ya marehemu, mke wa fundi mwashi, havikuwemo.

Siku hiyohiyo ndiyo vilikuwa vipelekwe kupimwa upya. Mwashi alikuwa amelipigania jambo hilo miezi minane, akizungushwa maofisini kama pia. Mkewe aliingia kwenye majaribio ya dawa mpya akitembea kwa miguu yake. Alitoka amefunikwa shuka.

"Mwizi wa nje huyo," Mkurugenzi wa hospitali alimwambia Inspekta, hata kiti hajampa.

Inspekta alishuka maabara. Ubavuni mwa friji kulikuwa na karatasi ya duara, ambayo kalamu huchora joto saa zote. Mstari ulinyooka wiki nzima, isipokuwa Jumapili saa nne asubuhi: kinundu kidogo.

"Hapa mlango ulikuwa wazi muda gani?" alimuuliza msaidizi wa maabara.

"Dakika moja, afande. Mbili hazifiki."

"Humu mna masanduku mangapi?"

"Mia nne. Mgeni angetafuta mpaka vidole vimgande."

"Nani analijua sanduku la marehemu bila kutafuta?"

"Mimi na Profesa. Na mimi Jumapili nilikuwa namzika shangazi. Waulize ukoo mzima, nililia mpaka nikawaaibisha."

Profesa alikuwa bingwa wa magonjwa ya damu kwa miaka thelathini. Inspekta alimwekea ile karatasi mezani.

"Jumapili saa nne ulikuwa wapi?"

Profesa alikifuata kile kinundu kwa kidole.

"Vichupa viko wapi, Profesa?"

"Nilivimwaga kwenye sinki." Alivua miwani. "Dawa ilikuwa inaua uboho wake. Niliona tangu wiki ya tatu."

"Na hukuisimamisha?"

"Nilimwandikia Mkurugenzi. Akasema subiri, wakubwa wanakuja kuzindua jengo. Nikasubiri. Dawa ile ndiyo kazi yangu yote, Inspekta. Ndiyo jina langu."

"Hata marehemu alikuwa na jina. Wewe ulimwandika nambari kumi na saba. Nakala ya barua unayo?"

"Ninayo."

Kituoni, mwashi alisomewa maelezo yote, saruji ingali kwenye kucha. Hakulia. Simu ya mezani ilikuwa inaita. Ni mkuu wa kituo, kwa mara ya tatu, akitaka jalada lifungwe leo.

"Kwa hiyo aliyemwaga mmemshika," mwashi alisema. "Na yule aliyesema subiri, afande, mnamshika lini?"