Kibali cha Kirezi

Jumatatu, saa nne asubuhi, barua ya kamati ya kupambana na dawa michezoni ilifunguliwa katika ofisi ya klabu ya riadha, Niboye, Kigali. Mkojo wa Kirezi, mkimbiaji wa mita elfu kumi, ulikutwa na insulini, dawa iliyokatazwa michezoni, na kibali cha kuitumia kwa matibabu hakipo. Asipoleta ushahidi ndani ya siku saba, atafungiwa miaka minne.

Winifred, muuguzi wa klabu, alisoma mara mbili, damu ikamchemka. Kirezi ana kisukari tangu utotoni; bila sindano hiyo atakufa! Na fomu ya kuomba kibali Winifred aliijaza kwa mkono wake mwenyewe. Nani kaikalia?

Alianza na Dokta Régis, ambaye klabu nzima ilishamnyooshea kidole.

"Nilisaini tarehe ishirini na nne Novemba, mbele yako," Régis alisema, akitoa nakala. "Nikampa Christella."

Christella, karani, alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Tantine, mimi nilimupatia Meneja! Saini yake iko hapa, angalia!"

Saini ilikuwepo kwenye kitabu cha barua: tarehe 27.

Meneja Achille hakulia. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, ametulia tuli.

"Faili la Kirezi nilipeleka mwenyewe. Jumamosi, tarehe ishirini na tisa, saa tatu asubuhi. Nilichukua pikipiki pale Kabeza, nikamwachia sekretari wa kamati mkononi. Wao ndio wamepoteza."

Winifred alikaribia kuamini, maana ofisi kupoteza karatasi si jambo geni. Kisha akajiuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi saa ile. Alikuwa mtaroni, ameshika jembe, na majirani wote.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema polepole. "Siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi. Kigali nzima iko na majembe mpaka saa tano, barabara hazina gari wala pikipiki. Nani alikubeba, Achille? Na sekretari gani alikufungulia ofisi?"

Macho ya Achille yalikimbilia droo ya meza yake. Njia ya mwongo ni fupi.

"Fungua droo."

Faili lilikuwa chini ya magazeti, bahasha haijatiwa hata gundi.

"Wafadhili wananiuliza kila siku huyu binti anajidunga nini," Achille alinong'ona. "Nilichoka kueleza. Timu ni ya watu wenye afya, si ya wagonjwa. Nilidhani bila kibali ataachwa tu nyumbani. Sikujua watampima ghafla."

"Ukaona haya kwa ugonjwa wake, ukaacha dunia imwite mlaghai! Huna hata aibu!" Winifred alilichukua faili. "Hili linafika kwa kamati leo, pamoja na jina lako."

Kirezi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Saa ya sindano yake ya kabla ya chakula ilikuwa imefika. Aliingia, akavuta kiti mbele ya Meneja, akapandisha fulana na kujidunga sindano tumboni bila haraka.

"Angalia vizuri, Meneja," alisema. "Wakiuliza tena, waambie umeona."