Maneno ya Akonaay Mbele ya Mnada

Kila asubuhi, jua likitoka tu, Mama Basili alikaa mlangoni pake, upande wenye mwanga. Shingoni alivaa kamba yenye kibanio kidogo cha chuma. Alikishika kibanio hicho, akang'oa kope zake moja moja, huku machozi yakimtoka.

Mimi ni jirani yake, Jenifa. Hapa Nangwa nyumba zetu zimetenganishwa na shamba la mahindi tu, kwa hiyo nilimwona kila siku. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani. Kila akipepesa, zilimkwaruza jicho. Akizing'oa, alipata nafuu kidogo. Zikiota tena, ziliota fupi na ngumu, zikachoma zaidi.

Akimaliza kope, alianza kazi. Maji, kuni, ng'ombe, uji wa wajukuu. Mwanawe Basili alikuwa machimboni Mererani. Mke wa Basili alimfuata mumewe huko, na watoto wakabaki kwa bibi. Mama Basili alikuwa amechoka jamani. Hata mimi nilichoka kumtazama.

Nilimwambia aende hospitali. Alinijibu kwamba ataenda mavuno yakiisha. Mavuno yaliisha, ikaja harusi. Harusi ikapita, mvua ikaanza. Hakwenda. Wote tulidhani anaogopa kisu.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya wakati huo. Kikundi cha sanaa cha Katesh kilianza kuzunguka na maigizo ya afya. Walishaigiza kijijini Gehandu, wakaenda mpaka Endagikot kule Mbulu. Kisha wakaja kwetu siku ya mnada. Kiongozi wao, Mwalimu Tadeo, sauti ilikuwa imemkauka kwa kushindana na redio za wauza kanda. Walifuatana na muuguzi wa macho, Sylvester.

Igizo lenyewe lilikuwa hivi. Bibi mkaidi anakataa hospitali, anakuwa kipofu, anajikwaa na kumwangukia kuku. Dada mmoja, Bernadina, ndiye aliyecheza bibi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Basili hakucheka. Aliinua ndoo yake akaondoka.

Roho iliniuma. Nilimfuata Mwalimu Tadeo, nikamwamkia shikamoo, kisha nikamwambia bila kuzunguka.

"Mwalimu, bibi mnayemcheka anaishi hapa. Mgonjwa wenu mmemfukuza wenyewe."

Hakujitetea. Alikaa juu ya ngoma yake akasema kila kijiji ni hivyo hivyo. Watu wanacheka, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani, na macho yanazidi kuharibika. Bernadina akasema kosa liko kwenye igizo. Wao wanaleta swali na jibu pamoja, mtu wa kijiji hana cha kusema. Wakakubaliana kwamba mnada ujao watalisimamisha igizo katikati. Asiyekubaliana na mchezaji ataingia, achukue nafasi yake.

Siku ilipofika nilimleta Mama Basili karibu kwa kumvuta mkono. Bernadina alianza. Mara hii hakuchekesha mtu, alikaa tu na kibanio chake. Tadeo alivaa kofia akawa mume. Sylvester alikuwa muuguzi, na maneno yake yalikuwa yale yale ya kazini kwake.

Alieleza kwamba ugonjwa huo ni trakoma, wengine wanauita vikope. Unahama kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi. Mtoto akiugua mara nyingi, kope zinaweza kumgeukia ndani ukubwani. Hospitali hawagusi jicho lenyewe. Wanachoma ganzi, wanageuza ukingo wa kope utazame nje. Mgonjwa anafungwa bandeji, kesho yake inafunguliwa. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, lakini uliobaki unalindwa. Ila asikae kwenye moshi, wala asiloweshe kidonda mpaka kipone.

"Nenda hospitali, mama," Tadeo akasema kama mume. Kisha akalisimamisha igizo, akauliza nani ana neno.

Mama Basili aliinuka. Alimsogeza Bernadina taratibu, akakaa kwenye kigoda chake.

"Kisu sikiogopi," alisema. "Nimezaa mimi. Nimechoka tu. Nisipokaa kwenye moshi, nani atakaa? Maji atachota nani?"

Jibu hilo halikuwamo kwenye igizo. Tadeo akavua kofia, akauliza nani atakuja kuwa mume.

Watu wote wakageuka kumtazama Akonaay, mume wa Mama Basili, aliyekuwa ameegemea fimbo karibu na mbuzi. Alikuja kwa sababu kukataa kungekuwa aibu kubwa zaidi. Akavaa kofia.

"Nitachota mimi," akasema. Watu wakacheka. Akakaza sauti. "Na uji nitapika. Mpaka muuguzi aseme umepona."

Alipigiwa makofi mengi. Njiani kuelekea nyumbani alitembea kifua mbele, akauliza leo tunakula nini. Mama Basili akamwambia kesho anaondoka na Sylvester, kwa hiyo aanze kuzoea jiko.

Akonaay alisimama. "Mama Basili, lile lilikuwa igizo."

"Mimi nilikuwa nasema kweli," mkewe akajibu. "Na wewe umesema mbele ya mnada mzima."

Akonaay akanitazama mimi. Mimi nikatazama mahindi.

Basi alichota. Siku za kwanza maji yalimmwagikia miguuni, na uji wake ulikuwa na madonge. Mama Basili alirudi na bandeji, kesho yake ikafunguliwa. Alikaa nje, mbali na moshi, akamsikia mumewe akikohoa jikoni. Aliniambia hajawahi kukaa hivyo tangu aolewe. Akalia, na safari hii si kwa kope.

Jicho moja limebaki na ukungu, kama Sylvester alivyosema. Lakini hakuna kinachochoma. Wajukuu wanaoshwa uso asubuhi na jioni, kila mmoja ana kitambaa chake, na nzi wamepungua machoni mwao. Kibanio bado kipo shingoni. Sasa anamtolea Akonaay miiba ya miguu, maana njia ya kisimani ina miiba, na mzee huyo hajaacha kuipita.

Kikundi kilirudi baadaye na igizo la kuchimba vyoo. Tadeo alimwomba Akonaay awe baba wa nyumba. Akonaay aliishika ile kofia muda mrefu kabla ya kuivaa.

"Kwanza niambie nitasema nini," alisema. "Nijue kama jembe langu ni zima."