Mwiko wa Bibi Květa

Kila Jumamosi asubuhi Vendula alipanda basi kwenda kijijini kwa bibi yake, na kila Jumamosi alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwa vitupu. Kukaa hakuweza. Alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu isiyojua kupumzika, na mwalimu wake alikuwa amemhamishia dawati la nyuma kabisa ili akitikisa magoti asiwasumbue wenzake. Wakati wa kwenda alibeba mkate, siagi na dawa ya kuchua magoti ya bibi. Wakati wa kurudi alibeba mayai ya kuku wa bibi kwenye kikapu kilichotandikwa nyasi kavu, akipita juu ya barafu ya Januari kwa hatua za paka. Hakuwahi kuvunja hata moja. Alijivunia jambo hilo kuliko alama zake za hesabu, ambazo kusema kweli hazikuwa za kujivunia.

Jumamosi hiyo alitumwa alete kitu kingine pamoja na mayai. Alitumwa alete neno.

Familia yao iliishi Polička, katika nchi ambayo haina bahari hata tone na ambayo milima yake, watu wa Austria wakiiona, huiita vilima. Kwa hiyo kila mwaka, mti wa Krismasi ukishatolewa nje, baba yake, Luboš, alitandaza ramani kubwa juu ya meza ya jikoni. Safari ya nje ilikuwa moja tu kwa mwaka. Ama milima ya Alpi kule Austria, kuteleza kwenye theluji wakati wa likizo fupi ya mwisho wa baridi, ama kisiwa cha Rab kule Kroatia wakati wa kiangazi. Kila mtu aliweka kijiko chake anapopataka, na penye vijiko vingi ndipo walipokwenda. Bibi Květa, mama yake baba, hakuweza kushuka mjini njia zikiwa barafu. Aliwakilishwa na mwiko wake wa zamani, ambao siku zote ulining'inia jikoni kwao.

Mwaka huo, ambao kwa mara ya kwanza bibi alikubali kusafiri nao, mambo yalikuwa sare. Baba aliweka kijiko Alpi. Mama alikiweka Rab. Radim, kaka yake wa miaka kumi na saba, alikiweka Rab pia, kwa sababu alizozijua yeye na kioo chake. Vendula alikibamiza cha kwake juu ya Alpi hadi ramani ikatoboka kidogo. Rafiki yake mkubwa, Johanka, alikuwa amehamia Znojmo tangu Septemba, na alikuwa amemwambia kwamba likizo hiyo familia yake ingekwenda kijiji kilekile cha Austria ambacho kina Vendula hufikia. Tangu siku hiyo Vendula hakulala vizuri. Sasa mwiko wa bibi ndio ungeamua.

"Bibi, mlimani au kisiwani?" aliuliza kabla hata ya kufunga mlango.

"Vua koti kwanza. Unahoji watu kama askari wa mpakani."

Vendula alivua mkono mmoja wa koti. Bibi aliendelea kumenya viazi, kisha akaweka kisu chini.

"Bahari," alisema. "Mwambie baba yako, mama kasema bahari. Mimi na marehemu babu yako tuliomba ruhusa ya kwenda huko mara mbili, enzi zile ambazo mtu hatoki nchini hivihivi. Tukanyimwa mara mbili. Mipaka ilipofunguliwa, babu yako akawa hawezi tena kutoka kitandani. Nina miaka sabini na minne, mjukuu wangu, na bahari naijua kwenye kalenda tu."

"Lakini magoti yako, bibi?"

"Ndiyo hayohayo. Daktari anataka kunibadilishia moja msimu wa vuli. Nataka niingie majini na haya niliyozaliwa nayo kabla hajaanza kunichezea."

Njiani Vendula alikumbatia kikapu cha mayai na kujiuliza kwa nini bahari isingoje mwaka mmoja zaidi. Bahari haiendi popote. Johanka je? Johanka alikuwa na marafiki wapya tayari, na majina yao Vendula alikuwa akiyasikia kwenye simu na kuyachukia yote.

Alipoingia jikoni kwao mjini, wote walimzunguka.

"Haya, mjumbe," alisema baba. "Mama kasemaje?"

Vendula aliutundua mwiko ukutani, akauweka juu ya Alpi.

"Mama mwenyewe kasema hivyo?" Baba alishangaa. "Bibi yako? Mlimani?"

"Kasema joto la kisiwani linamsumbua magoti," alijibu Vendula, na maneno yakatoka laini mpaka akajishangaa mwenyewe.

Mama alikiondoa kijiko chake polepole, akakirudisha kwenye droo. Radim alimgeukia dada yake. "We mtoto," alisema, "leo ndiyo siku ya kwanza nakuona umesimama bila kutikisika."

Wiki iliyofuata nyumba haikukalika. Ukumbini kulijaa harufu ya nta ya kupaka ski, vile vibao vya kutelezea, buti zilizagaa kila mahali, na kila jioni baba alikuwa mbele ya kompyuta akilinganisha nyumba za kupanga, mteremko huu na ule. Vendula alitazamia kufurahi. Badala yake, kila alipokaribia meza alimkuta mtu anampangia bibi.

"Sisi tukiwa tunateleza, mama atafanya nini?" baba aliuliza. "Hatuwezi kumwacha chumbani akihesabu theluji."

"Kuna bwawa la maji moto ng'ambo ya barabara," alisema mama. "Nimempigia mwenye nyumba. Nimeuliza kama ngazi zake zina mahali pa kushika. Na chumba cha chini ndicho chake, asipande."

"Na gari la kuvutwa na farasi je? Mama anapenda farasi."

Mama, ambaye alitaka kisiwa mwaka mzima, alikuwa akitafuta bwawa kwa ajili ya mtu mwingine bila kinyongo. Vendula alirudi chumbani kwake na kuzunguka kitanda mara kadhaa. Alijiambia kwamba bibi atalipenda bwawa. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara alijiamini kidogo kuliko mara iliyotangulia, mpaka akaacha kabisa kujiamini.

Mwenye nyumba wa Austria alitaka jibu la mwisho Jumapili jioni. Ijumaa Vendula alimpigia simu Johanka kumpa habari njema.

"Nyumba yetu iko karibu na lifti ya pili ya kupandia mteremko," alisema mbiombio. "Tutakutana asubuhi, mchana, kila siku. Wiki ya pili ya Machi, baba kashaulizia."

"Machi?" alisema Johanka. "Sisi tunakwenda mwanzoni mwa Februari. Likizo yetu ni hiyo."

"Likizo ni moja, Johanka."

"Moja wapi? Kila wilaya ina wiki yake, na kila mwaka zinazunguka. Ungesoma kalenda, we kichwa maji. Zamani tulikuwa wiki moja kwa sababu nilikuwa nakaa huko. Wewe ukiwa Alpi, mimi nitakuwa darasani nafanya sehemu za desimali."

Huko kwao kila mtu anajua habari ya wilaya na wiki zake, kama anavyojua jina la mtaa wake. Ila ni kitu cha kujulikana tu, si cha kufikiriwa, mpaka siku rafiki yako anapohama. Vendula alikata simu. Alikuwa amemnyang'anya bibi bahari, amemnyang'anya mama kisiwa, na mkononi hakubaki na kitu.

Usiku huo akili yake ilikimbia huku na huku kama kuku aliyevamiwa na mbweha. Asubuhi ilikuwa imepata mlango wa kutokea. Angesema tu kwamba bibi amebadili mawazo. Wazee hubadili mawazo. Bibi angepata bahari yake, mama kisiwa chake, na hakuna ambaye angejua lolote. Alishuka jikoni akiwa ameshayapanga maneno kinywani.

"Baba, bibi..."

"Njoo uone," alisema baba, akimgeuzia kompyuta. "Nimemtafutia na njia ya tambarare ya kutembea, wanaifagia kila asubuhi. Leo umwambie bibi yako. Najua simu yake kaifungia kwenye droo."

Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye anampeleka mama yake mahali pazuri. Vendula aliona kwamba uwongo wa pili ungebidi aumwage juu ya uso huo, na baada yake wa tatu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliiona ndefu sana asubuhi ile. Alichukua kikapu akatoka mbio, basi likiwa bado halijaonekana hata kwa mbali.

Alimkuta bibi ameketi jikoni, miguu yake ndani ya beseni.

"Tia kidole," alisema bibi. "Nimeweka chumvi. Nataka ngozi izoee."

Juu ya kiti palikuwa na vazi la kuogelea la rangi ya samawati, jipya. Mezani palikuwa na mfuko mkubwa wa chenga za mkate za kuviringishia nyama. "Nyama za kukaanga za njiani nazifanya mimi," bibi aliendelea. "Hakuna mtu wa huku aliyewahi kwenda baharini bila nyama za kukaanga kwenye gari, sitaki tuwe wa kwanza. Nimeanza kujizoeza kupanga. Kila mtu mbili au tatu? Radim tuseme tano."

"Bibi."

"Mbona hujavua koti?"

"Sikusema bahari." Vendula aliongea akitazama beseni. "Niliweka mwiko wako Alpi. Nilisema wewe ndiye uliyesema hivyo. Nilitaka kukutana na Johanka, na Johanka mwenyewe hatakuwepo, wiki zetu hazilingani. Wote nyumbani wanaamini unataka mlima. Wamekutafutia bwawa."

Bibi alitoa mguu mmoja majini, akaufuta, kisha wa pili, akaufuta polepole katikati ya vidole. Vendula alianza kulia. Angependa agombezwe, angependa hata kofi, kuliko kitambaa kile kinachopita kidole kwa kidole.

"Kila Jumamosi," alisema bibi mwishowe, "unabeba mayai yangu. Unapita nayo kwenye barafu, unapanda nayo basi, na wewe kutulia hujui. Hujavunja hata moja. Kwa nini?"

"Kwa sababu... si yangu."

"Haya. Na neno langu lilikuwa la nani?"

Vendula alijifuta machozi kwa mkono wa koti.

"Nipe soksi kubwa za babu yako, zile za sufu. Tunakwenda mjini."

"Bibi, njia yote ni barafu."

"Ndiyo maana nazivaa juu ya viatu. Ulidhani watu wa zamani walitembeaje? Nishike mkono. Na mayai usiyasahau."

Walichukua nusu ya asubuhi kufika kituoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Vendula alitembea taratibu kwa kupenda mwenyewe, mkono mmoja kikapu, mkono mmoja bibi, akijaribu kila hatua kwanza kwa kisigino chake. Ndani ya basi alikaa.

Baba alipofungua mlango na kumwona mama yake na soksi juu ya viatu, kikombe kilimponyoka. Bibi alimpita bila salamu mpaka jikoni, akaketi mbele ya ramani, akamwelekea mjukuu wake.

"Sema."

Vendula alisema yote, tangu mwanzo, na hakuacha habari ya ule uwongo wa pili ambao karibu autoe asubuhi. Uso wa mama ulikuwa mwekundu.

Baba alivuta kiti. "Nilifurahi mno kusikia nilichotaka kusikia," alisema. "Ndiyo maana sikuuliza mara mbili. Lakini wewe, Vendula, wewe nilikuamini."

Hilo lilimwuma kuliko yote. Bibi aliunyanyua mwiko wake kutoka Alpi, akaupitisha juu ya Austria nzima, akautua katikati ya bahari, mbali kidogo na Rab, maana macho yake nayo yalikuwa ya miaka sabini na minne. Mama aliusogeza hadi kisiwani. Kisha alikwenda kwenye droo kutafuta kijiko chake.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema bibi. "Kutaka kwako mlima si kosa. Ungekuja ukaniambia, bibi, nina hamu na rafiki yangu, pengine ningekuachia mwaka huu. Mimi nimeshazoea kungoja. Lakini uliyebebeshwa neno la mtu ni lazima ulifikishe zima, hata kama halikupendezi. Ukilivunja, unakuwa umemnyamazisha mwenye neno, na yeye hata hajui kama kanyamazishwa."

Jioni ile Vendula mwenyewe ndiye aliyemwandikia mwenye nyumba wa Austria kwamba hawaji, na kumwomba radhi. Likizo yake ya Machi aliimalizia kijijini kwa bibi, akikaanga nyama za majaribio. Mwezi wa Mei Johanka alikuja kwa treni kukaa nao siku mbili, jambo ambalo wangeweza kulipanga tangu mwanzo kama mtu mmoja angetulia kidogo akafikiri.

Mwezi wa Julai, kisiwani Rab, bibi Květa aliingia baharini na vazi lake la samawati, akimshikilia Vendula bega. Aliingia mpaka maji yakamfika magotini, akasimama. Alisimama muda mrefu. Akachovya kidole, akakilamba.

"Nilitia chumvi kidogo mno kwenye beseni," alisema, huku machozi yakimtoka.

Kisha aligeuka kuangalia ufukweni, ambako mwanawe alikuwa amelala chini ya mwavuli.

"Nenda kamwambie baba yako," alimwambia Vendula, "aache kulala hapo kama gunia la viazi, aje amshike mama yake mkono wa pili."

Vendula alitoka majini, akasimama mbele ya baba yake wima bila kutikisika, akalifikisha neno lote kama alivyopewa, pamoja na gunia, pamoja na viazi.